Laurian wa Mbuba "hakukomaa" kimuziki: lile jina la kaseti ya pili niliandika mimi

Wakuu, nawasalimu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Nimeusoma uzi wenu wa mashabiki wa Laurian, kurasa kumi na moja, tangu wiki iliyopita hadi leo asubuhi. Nilivumilia mpaka ukurasa wa nane. Wa tisa umenishinda.

Nitaandika niliyoyaona. Nisiloliona nitasema sikuliona. Kama kuna mtu wa Ngara humu aliyekuwepo miaka ile ya wakimbizi na anaona nimekosea, anisahihishe hapa hapa mbele ya watu.

Kwa wasiomjua: Laurian ni mwimbaji wa Mbuba, wilaya ya Ngara. Anatunga mwenyewe, anaimba peke yake, na gitaa alilitengeneza kwa mikono yake. Ana kaseti tatu tu, zote zilirekodiwa na fundi mmoja wa redio. Hivi karibuni kuna kijana kaziweka mtandaoni, ndipo mkaanza.

Mnasema kaseti ya kwanza ni kipindi cha kwaya. Sawa.

Mnasema ya pili ni kipindi cha majaribio. Haya.

Mnasema ya tatu ndiyo Laurian aliyekomaa, aliyerudi kwenye asili yake. Hapo niliweka simu mezani nikatoka nje kupumua.

Kuna mkuu anajiita Sikio la Tatu, kaandika aya sita kuhusu "evolution ya sound yake". Anasema Laurian alisomea chuo cha sanaa huko pwani. Mkuu, Laurian hajawahi kuvuka Biharamulo. Na Biharamulo yenyewe alikwenda mara moja, kumsindikiza shangazi yake kung'oa jino, akarudi kesho yake.

Mwingine anasema ule mdundo wa mbali mwanzoni mwa kaseti ya pili ni "influence ya ngoma za Burundi, imefichwa kwa makusudi ili msikilizaji aitafute".

Wakuu, ule ni mchi.

Mke wa fundi alikuwa anatwanga kisamvu nyuma ya kibanda, na fundi alisahau kumwambia asubiri. Mnasikia unavyokoma ghafla katikati ya wimbo, pale mlipoandika "ukimya wa kifalsafa"? Kisamvu kilikuwa kimelainika.

Sasa twende kwa mpangilio.

Miaka ile nilikuwa karani wa ghala kwenye shirika moja la misaada, kambi ya Benaco, ya wakimbizi wa Rwanda. Watu wa Ngara wengi wenye kidato cha nne tulipata kazi kipindi kile. Kambi ilikuwa jiji zima. Ukisimama kilimani unaona turubai za bluu mpaka macho yanachoka. Kulikuwa na soko, vinyozi, bucha, washona viatu, na pembeni ya soko kulikuwa na kibanda cha Deo.

Deo ndiye fundi mwenyewe. Mhangaza, yaani mwenyeji wa Ngara kama sisi, wa Rulenge, mfupi, mbishi, mikono yake inaweza kufufua redio iliyoangukia mtoni. Alikuwa na redio kaseti kubwa yenye sehemu mbili, hivyo aliweza kurekodi na kutoa nakala. Ukutani alitundika mablanketi ili sauti isirudi. Hiyo ndiyo studio mnayoiita "ya kimakusudi kabisa kwa unyenyekevu wake".

Jioni nikitoka ghalani nilipitia pale. Wa tatu wetu alikuwa Mwalimu Rwegasira, Mhaya aliyehamishiwa shule ya msingi ya upande wetu. Mwalimu alikuwa mtu mwema sana, lakini hakuna sentensi ya mtu mwingine aliyoiacha ipite bila kuirekebisha.

Sisi watatu ndio tulikuwa mashabiki wa kwanza wa Laurian. Na ubishi mnaoufanya nyie kwenye kurasa kumi na moja, sisi tuliufanya kila jioni, tena bila umeme.

Laurian alianza kwenye kwaya ya kigango cha Katoliki, Mbuba, sauti ya besi. Alitolewa kwa sababu alikuwa anabadilisha noti za watu. Mwalimu wa kwaya akimwambia "shuka", yeye anabaki pale pale juu, anasema huko chini wimbo unachosha.

Alipotolewa akatengeneza gitaa. Tumbo lake ni debe la mafuta ya msaada, shingo ni mti wa mvumo, nyuzi ni waya za breki za baiskeli alizozichambua moja moja. Halafu akaanza kuimba sauti zote nne za kwaya peke yake. Si kwa pamoja, haiwezekani. Kwa zamu. Anaimba ubeti mzima kwa sauti ya kwanza, anarudi ubeti ule ule kwa sauti ya pili, ya tatu, ya nne. Wewe msikilizaji ndiye unatakiwa uziunganishe kichwani.

Nilikuwepo alipoimba hivyo harusini kwa mara ya kwanza. Bwana harusi alimfuata akamuuliza kwa upole, "Kaka, wenzako wamechelewa?"

Hiyo ndiyo kaseti ya kwanza. Deo aliipenda kupita kiasi. Alisema huyu jamaa ni kwaya nzima ndani ya shati moja.

Kaseti ya pili inaanza na Konsolata, na huyu katika kurasa zenu zote kumi na moja hajatajwa hata mara moja.

Konsolata alikuwa Mrundi. Alivuka mto wa mpakani na watoto wawili katika wale waliokuja mwanzo, kabla hata Wanyarwanda hawajafika Benaco. Hakwenda kambini. Mama yake Laurian alimpa sehemu pembeni ya migomba yake, akajenga kibanda, akawa anamsaidia kulima. Msishangae. Upande wetu mto haujawahi kutenganisha watu sawasawa. Kuna bibi zetu walioolewa kutoka kule, kuna shangazi zetu walioolewa kule. Mtu akija amebeba watoto, unamuuliza ni wa nani, ukishajua unampa jembe.

Katika mizigo yake alikuja na inanga. Ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia lenye kina, na uzi mmoja umepitishwa huku na huko juu yake mara nyingi. Kwao ni chombo cha wanaume. Kilikuwa cha baba yake. Alisema alikibeba kwa sababu hakukuwa na mwanaume aliyebaki wa kukibeba.

Konsolata alikipiga akiwa amekiegemeza magotini, na aliimba kwa kunong'ona. Hiyo ni staili ya kwao ya zamani. Nyuzi ndizo zinabeba wimbo, mtu anapitisha maneno juu yake kwa pumzi tu. Ukikaa mbali husikii kitu. Ukikaa karibu unasikia kama mtu anakuambia siri yako mwenyewe.

Laurian alikaa karibu.

Mnauliza sana huko kwenye uzi kama kulikuwa na mwanamke nyuma ya kaseti ya pili. Kuhusu mapenzi sikuona kitu, kwa hiyo sijui. Alimzidi Laurian miaka kama kumi. Nilichokiona ni wao wawili wakigombana kuhusu kukaza nyuzi, na mama yake Laurian akiwapigia kelele kwamba maharage hayajipalilii.

Siku Laurian alipokuja kibandani kwa Deo na sauti mpya, tulikuwepo wote watatu. Alikaa, akalaza gitaa la debe mapajani, akaanza kunong'ona.

Deo alizima redio.

"Wewe Laurian, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi ongeza sauti. Betri zangu zinakwisha bure."

"Sogeza redio," Laurian akasema, akaanza upya.

Alipomaliza, Deo alikuwa amekasirika kweli. Alisema jamaa alikuwa na sauti nne, sasa hana hata moja. Mwalimu akasema, "Kwa usahihi, Deo, hiki ni kitu kinatoka Uhayani. Sisi tuna enanga tangu zamani za wafalme." Mimi nilikuwa nimeipenda, nikasema hivyo, wakanigeukia wote wawili.

Ubishi ule ulichukua wiki. Mwalimu alikwenda hadi Mbuba kumsikiliza Konsolata mwenyewe, akarudi amebadili msimamo. Akatutangazia kwamba amejiridhisha, kunong'ona kule ni kwa Warundi asilimia mia, na kwamba mtu muungwana hukubali akikosea. Deo akasema yeye hilo alilijua tangu mwanzo, ndiyo maana hakuipenda.

Kisha kaseti ikaanza kupendwa. Warundi waliokuwa wanapita sokoni walisimama mbele ya kibanda wakainamisha vichwa. Niliona mzee mmoja akilia na gunia la mkaa bado liko kichwani. Walitaka nakala. Deo, ambaye hakuipenda, akatoa nakala mpaka redio ikapata moto.

Kaseti ikawa inahitaji jina. Nitaeleza polepole hapa kwa sababu hapa ndipo tulipoharibu.

Mwalimu alisema jina liwe la ukweli, liseme staili ni ya Kirundi. Deo akasema jina refu haliingii kwenye karatasi ya kaseti. Akasimama akifikiri, akapiga kofi pajani.

"Andika: Laurian, Mrundi Anayenong'ona."

Walinipa mimi kalamu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri wa ghalani. Niliandika kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi, karatasi thelathini na kitu kwa mkono.

Laurian alipoziona alisoma mara mbili.

"Mimi Mrundi tangu lini?"

"Tangu wasikilizaji wako wawe Warundi," Deo akamjibu.

Tukacheka. Na yeye alicheka. Nakumbuka vizuri kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya, na tulikuwa watu wazima wenye akili zetu, mmoja wetu mwalimu.

Wanyarwanda walirudishwa, Benaco ikabaki nyasi na mashimo ya vyoo. Kazi yangu iliisha, nikarudi Mbuba. Deo akahamishia redio zake kwenye gulio, siku za gulio anatandaza meza.

Mwaka uliofuata ukaja ukaguzi.

Safari hii ilikuwa Warundi waliokuwa wanaishi vijijini nje ya kambi. Walitakiwa wakusanywe wapelekwe kambini. Vizuizi viliwekwa njiani, askari na mgambo wakapita nyumba kwa nyumba.

Wageni wa huku mnaweza kuuliza, walimtambuaje Mrundi na Mhangaza? Hilo ndilo swali. Lugha zetu zinasikilizana karibu neno kwa neno. Majina ni yale yale. Sura ni zile zile. Vitambulisho vya taifa havikuwepo. Mtu alionyesha kadi ya chama, au karatasi yoyote yenye mhuri, au alitaja mtu wa kumtambua. Wenyeviti wa vijiji wangeweza kusema, lakini walishaambiwa kwamba wao ndio wanaowaficha Warundi, kwa hiyo neno lao halikuchukuliwa.

Ilikuwa siku ya gulio, asubuhi. Laurian alikuwa anampelekea Deo katoni ya kaseti zilizobaki, aziuze mezani kwake. Akafika kizuizini. Mfukoni hakuwa na karatasi yoyote.

Kwenye katoni alikuwa na karatasi ishirini, zote zinasema yeye ni Mrundi. Mwandiko ni wangu.

Habari zilitufikia gulioni haraka. Mimi, Deo na Mwalimu Rwegasira tulikimbia mpaka uwanja walikokusanyiwa watu. Kulikuwa na lori limeegeshwa, turubai limefunguliwa nyuma, na afisa amekaa kwenye meza na daftari. Walioandikwa walikaa chini upande wa kushoto. Konsolata alikuwepo na watoto wake, na inanga ameifunga kwenye kanga. Walimchukua alfajiri.

Laurian alikuwa amesimama peke yake katikati, na mgambo mmoja nyuma yake. Bado hajaandikwa. Mama yake alikuwa ameshafika kabla yetu, ameshajieleza, na afisa ameshamjibu kwamba mama aliyeficha mmoja shambani kwake anaweza kuficha wawili. Mama hakubishana. Aligeuka akaondoka kwa haraka, sisi tukadhani amekata tamaa.

Wakuu, muelewe ilikuwa ni nini. Ukishaandikwa kwenye daftari lile unakuwa mkimbizi. Unapanda lori, unapewa kadi ya mgao, na kuanzia hapo kila ukisema wewe ni Mtanzania unaambiwa hivyo ndivyo wanavyosema wote. Nyuma umeacha mama mmoja na migomba.

Tukasogea mezani. Afisa akainua kaseti moja.

"Hii ni ya huyu?"

"Ndiyo, afande," nikasema.

"Soma hapa."

Nikasoma.

"Nani kaandika?"

"Mimi, afande."

"Sasa niambie. Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

Nikabaki kuusoma mwandiko wangu.

Deo akaingilia. "Afande, hilo ni jina la kaseti tu. Ni mambo ya wasanii. Huyu ni Mhangaza mwenzangu, kaimba kwaya ya hapa hapa. Huko kunong'ona ni kitu cha kuazima."

"Kaazima kwa nani?"

Deo akajikuna shingo. Konsolata alikuwa hatua kumi kutoka pale.

Na hapo, wakuu, Mwalimu Rwegasira, mtu niliyemheshimu na ninayeendelea kumheshimu, akakohoa kidogo.

"Kwa usahihi, afande, staili yenyewe ni ya Kirundi. Hilo haliwezi kukanushwa. Isipokuwa upigaji wa nyuzi—"

"Mwalimu, nyamaza!" Deo akasema.

"Nasema ukweli ili atusikilize vizuri! Upigaji una mambo ya kwaya ndani yake."

"Kwaya ipi? Kwenye kaseti ya pili kwaya iko wapi?"

"Iko kwenye mpangilio wa beti, Deo. Nimekuambia mara ngapi?"

"Beti gani? Wewe si ulisema ni ya Kihaya?"

"Nilirekebisha!"

Afisa akapiga meza kwa kiganja.

"Nimewauliza habari za mtu, mnaniletea habari za nyuzi!"

Nilitaka ardhi inimeze. Mtu anapelekwa ukimbizini, na mashabiki wake wako pale wanabishana kaseti ya pili ina kwaya au haina. Na mimi nikiri: kichwani mwangu nilikuwa nimeshaandaa hoja yangu ya kuunga mkono upande wa Mwalimu.

Afisa akamwita Laurian. Akamwambia, "Hawa wamenichosha. Imba wewe. Niimbie kitu cha kwenu."

Deo akamkonyeza kwa nguvu, akamchezeshea midomo: kwaya, kwaya. Nyimbo za kigango alizijua hamsini. Angeimba mmoja wa Kiswahili kwa sauti ya kawaida, na uwanja mzima wa watu pale ungeitikia.

Laurian aliangalia upande wa kushoto, walipokaa wale walioandikwa. Kisha akanong'ona. Bila gitaa. Ule wimbo wa pili wa kaseti ya pili, ule mnaosema hauna kiitikio. Hakuna aliyesikia kitu isipokuwa afisa, mgambo aliyekuwa nyuma yake na sisi wa mezani, lakini Konsolata niliona amefunika mdomo kwa kanga.

Kwa nini alifanya vile? Sikumuuliza siku ile. Naandika nilichokiona.

Afisa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua kalamu.

"Jina la baba?"

Wakati Laurian anataja, baiskeli ikaingia uwanjani kwa fujo. Katekista wa kigango anaendesha, mama yake Laurian kakaa nyuma, na mapajani amekumbatia daftari kubwa la jalada jeusi. Kumbe mama hakuwa amekata tamaa. Alikwenda kuchukua daftari la ubatizo la kigango.

Katekista alilifungua mezani. Alikuwa anahema hadi hawezi kusema, akaonyesha kwa kidole. Jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, kitongoji, msimamizi wa ubatizo, vyote kwa wino uliokwisha kuwa wa kahawia. Afisa akapitisha kidole mstari ule, kisha mstari unaofuata. Akasoma jina la mstari unaofuata kwa sauti.

Yule mgambo aliyesimama nyuma ya Laurian akasema, "Naam, afande."

Afisa akainua kichwa. "Naam nini?"

"Huyo ni mimi, afande."

"Wewe umebatizwa siku moja na huyu?"

"Ndiyo, afande. Maji ya beseni moja."

"Kwa hiyo unamjua?"

"Namjua, afande. Nyumba yao na yetu tunapakana."

"Mbona umesimama hapo tangu asubuhi hujasema?"

"Hukuniuliza, afande. Uliwauliza hawa wa muziki."

Sijawahi kuona mtu ameshika kichwa kama afisa yule alivyoshika. Alifuta alichoandika kwa mistari miwili, akaturudishia kaseti moja, zingine akabaki nazo. Akamwambia Laurian, "Nenda nyumbani. Na hao wa muziki usiende nao."

Sasa watu hufikiri hapo ndipo mwisho. Deo alirukaruka, Mwalimu alimpa mkono katekista mara tatu.

Laurian hakuja kwetu. Alikwenda upande wa lori. Walikuwa wameanza kuwapandisha. Konsolata alikuwa ameshapandisha watoto, anapandisha inanga. Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia.

Alimwambia, "Laurian, ondoka hapa. Wakikuona umesimama na mimi wataanza upya."

Yeye akabaki amesimama.

"Ondoka, nakuambia. Mama yako amekwenda na kurudi kwa ajili yako."

Akarudi nyuma hatua, na nyingine, mpaka akawa umbali ambao askari hawezi kusema yuko naye. Alikaa hapo hapo mpaka lori likaondoka. Hakupunga mkono.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwenye kwaya, akaomba msamaha, akapangwa mstari wa besi. Wakimwambia shuka, anashuka.

Miezi michache baadaye alikwenda Rulenge kwa Deo kurekodi kaseti ya tatu. Nilikuwepo, Mwalimu pia. Aliimba kwa sauti kubwa, safi, ya kigango, besi tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna zamu za sauti nne. Hakuna kunong'ona. Deo alikuwa na furaha mpaka machozi. "Sasa umerudi!" alikuwa anamwambia. Mwalimu akasema kwa usahihi neno ni kukomaa.

Neno lenu la ukurasa wa tisa, wakuu, lilishasemwa, kwenye chumba kile, na mtu aliyekuwepo uwanjani.

Walinipa kalamu niandike jina. Laurian akanyoosha mkono akaichukua. Akaandika mwenyewe, polepole, kwa herufi za mtu asiyezoea: jina lake, mwana wa nani, mjukuu wa nani, kitongoji, Mbuba, Ngara, Tanzania. Halikuingia kwenye karatasi, akageuza akamalizia nyuma.

Lile jina refu mnalolisifu. Sikio la Tatu kaliita "tamko la msanii kuikumbatia asili yake". Mkuu, mtu alikuwa anajitengenezea kitambulisho.

Somo nililolipata ni dogo na limenichukua miaka. Sisi tulidhani swali la "sound yake kaitoa wapi" ni mazungumzo ya jioni. Lakini tulikuwa tunaliuliza Ngara, katika miaka ambayo "umetoka wapi" lilikuwa swali la kizuizini, tena tukaliandikia jibu kwa herufi kubwa na kulifunga kwenye katoni yake. Hatukumchukia. Tulimpenda kuliko wote, na ndio tuliompeleka uwanjani.

Laurian yupo. Analima, anaimba besi Jumapili. Mwezi huu nilimtembelea nikamwonyesha uzi wenu kwenye simu. Alisoma kurasa mbili, kwa kidole, taratibu. Pale mnapobishana asilimia ngapi ni Burundi na asilimia ngapi ni kwaya akasimama.

"Hawa nao ni wa ukaguzi?"

Nikamwambia hapana, ni mashabiki.

Akanirudishia simu, akaendelea kumenya viazi.

Nilipokuwa naaga aliniomba kitu kimoja, na hicho ndicho kimenifanya niandike yote haya badala ya kuwatukana tu. Humu kuna watu waliopita kambi zile, na kuna Warundi wanaosoma Kiswahili. Kama kuna aliyewahi kumsikia mwanamke anaitwa Konsolata, mwenye watoto wawili, anayepiga inanga ya baba yake magotini, aandike alimsikia wapi na lini. Hata kama ni habari ya zamani. Hata kama ni mbaya.

Wenye nadharia, nawaomba msubiri hao waandike kwanza.